Barua kwa Mwanangu: Malkia Aende b8

Mwanangu mpenzi,

Nimepokea barua yako pamoja na fumbo la sataranji ambalo wewe na mwenzako wa bweni mlilibishania hadi taa zikazimwa: zamu ni ya mweupe, ambaye ni wewe, naye amfunge mfalme mweusi kwa hatua mbili, yaani amtishie asibaki na njia ya kuokoka. Herufi a hadi h hutaja safu za wima za ubao, na namba 1 hadi 8 mistari ya mlalo. Wewe una malkia b3, ngome d1 na askofu g5; mweusi ana mfalme e8, malkia e6, farasi d7, askofu f8 na askari f7, pamoja na kete nyingine zisizohusika hapa. Nilipolipanga kwenye ubao wetu nililitambua mara moja: ni mwisho wa mchezo ambao Mmarekani Paul Morphy, akiwa na umri wa miaka 21, aliucheza mwaka 1858 katika jumba la opera la Paris, dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard waliokuwa wakishauriana.

Unasema ngome yako imle farasi aliye d7, kisha mweusi hana ujanja. Hatua hiyo haimtishii mfalme, kwa hiyo mweusi anabaki na hiari ya kucheza apendavyo. Uliona kwamba malkia wake akimla malkia wako pale b3, ngome yako inasogea d8 na mchezo umekwisha; hilo uliliona vizuri, nami nilifurahi. Lakini je, mfalme mwenyewe akiila ngome hiyo? Hakuna kete yako inayoilinda, naye atakuwa ameshatoka kifungoni. Ulimchagulia mpinzani jibu baya, ukalifanya kuwa ndilo jibu lake pekee. (Mimi mwenyewe nimeliwa mara nyingi kwenye drafti la barazani kwa kosa hilohilo.)

Mwenzako aliyetaka malkia aende b8 ndiye aliyepatia, ingawa, kwa jinsi ulivyoniandikia, hakuweza kueleza sababu, na kwangu jibu la namna hiyo halijawa jibu. Malkia akisimama b8 anamtishia mfalme aliye e8 kwa kupitia mstari wa nane. Mfalme hawezi kukimbilia e7 wala d8, kwa kuwa askofu wako wa g5 anailinda miraba yote miwili. F8 imezibwa na askofu wake mwenyewe, f7 na askari wake, na d7 na farasi wake. Malkia wake aliye e6 angeweza kuja c8 kumkinga, lakini farasi huyohuyo amemzibia njia. Inabaki hatua moja tu, farasi kumla malkia wako, na akishaondoka d7 safu ya d inakuwa wazi: ngome yako inatoka d1 hadi d8, askofu anailinda, na mfalme amefungwa. Kwa hiyo malkia hatolewi kwa ushujaa. Anatolewa ili farasi alazimike kuondoka mlangoni.

Mtakapobishana tena, kila mmoja aandike kwanza majibu yote ambayo mpinzani anaruhusiwa kuyacheza, hata yale ya kipuuzi, ndipo atetee hatua yake.

Nakuwekea fumbo jingine, ambalo mbinu yake ilichapishwa Hispania tangu mwaka 1497. Mweusi ana mfalme h8, ngome f8, na askari g7 na h7. Wewe mweupe una mfalme g1, malkia c4 na farasi h6, na zamu ni yako. Mfunge kwa hatua mbili, kisha uniandikie kwa nini mfalme wake hawezi kumla yule utakayemtanguliza.

Mama yako anakusalimu sana.

Ni mimi baba yako