Mwanangu, kabla hujajaza fomu ya ubunge

Mwanangu mpendwa,

Mama yako ameniambia kwamba umeamua kugombea ubunge wa jimbo, na kwamba ulisita kuniambia mwenyewe. Sikulaumu. Tangu Juni 2025, ukizitaja tu siasa za St. Paul, mji mkuu wa jimbo letu la Minnesota, mimi hugeuza mazungumzo, na anayeishi Brooklyn Park haulizi kwa nini.

Melissa Hortman alikuwa mbunge wa sehemu ya mji wetu huu. Usiku wa kuamkia tarehe 14 mwezi ule mtu aliyevalia kama polisi alifika nyumbani kwake, akamuua yeye na mumewe, Mark. Usiku huohuo Seneta wa jimbo John Hoffman na mkewe Yvette walikuwa wamepigwa risasi kwao Champlin, ila wao Mungu aliwanusuru. Nimeanza na hilo ili lisikae kati yetu kama jambo lisilosemeka. Lakini ninachotaka ukitazame ni kazi yake, maana ndiyo unayoiomba.

Kwetu Kenya mbunge ni mheshimiwa, na asubuhi watu hujipanga langoni kwake wakiwa na barua za karo na bili za hospitali. Hapa Minnesota mshahara wa mbunge wa jimbo tangu 2023 ni dola 51,750 kwa mwaka, vikao huanza Januari au Februari na kwisha Mei, na wengi wana kazi nyingine ya kuwalisha. Jamaa zetu nyumbani wakisikia umekuwa mbunge Marekani watakuletea shida zao, nawe hutakuwa na cha kuwapa. Ni heri uwaambie mapema, kwa upole.

Hortman aligombea 1998, akashindwa. Akarudi 2002, akashindwa tena. Aliingia 2004, na kiti cha Spika alikikalia 2019. Kwa hiyo ukiniambia "nitajaribu mara moja nione", nitakuuliza kama kweli unaitaka kazi hii. Wilaya ya uchaguzi ni mitaa tu, mama, na mlango uliofungwa usoni pako mwaka huu utalazimika kuubisha tena baada ya miaka miwili, kwa sababu muhula wa mbunge ni miaka miwili.

Alikuwa pia na kichwa kigumu, kama cha bibi yako. Mwaka 2017 wabunge wanawake wasio wazungu walikuwa wakizungumza ukumbini huku wenzao kadhaa wa kiume wakicheza karata chumba cha nyuma. Alitumia kanuni za Bunge kuwarudisha wote kwenye viti vyao, akasema wazi kwamba waliokuwa wakicheza ni wanaume wazungu watupu. Alipotakiwa aombe radhi, alikataa.

Sasa njoo 2023. Chama chake, Democrat, kilikuwa na wabunge 70 kati ya 134, na kwenye Seneti 34 dhidi ya 33. Seneta mmoja tu akigeuka, muswada umekufa. Kwa wingi huo mwembamba, wakiwa na Gavana Tim Walz, walipitisha chakula cha bure cha asubuhi na mchana kwa wanafunzi wa shule, likizo ya malipo kwa mgonjwa na mzazi, na leseni ya udereva kwa wasio na makaratasi. Hiyo ya mwisho unaijua maana yake. Tuna watu waliokuwa wakienda kazini usiku, kuwaogesha wazee wa wenyewe, huku kila taa ya polisi ikiwakausha mate. Oktoba ile walianza kupanga foleni ya leseni kama watu wengine. Hakuna seneta wa Washington aliyewafanyia hivyo. Ni Bunge la jimbo, hapa hapa St. Paul.

Halafu likaja la 2025, ambalo nimelifikiria kuliko yote. Uchaguzi ulileta sare, 67 kwa 67. Hortman alikubali kumwachia Lisa Demuth wa Republican kiti cha Spika ili Bunge liweze kufanya kazi. Ilipofika bajeti, Republican walishikilia kwamba watu wazima wasio na makaratasi waondolewe kwenye bima ya afya ya jimbo, MinnesotaCare, bima waliyokuwa wameanza kuruhusiwa Januari ileile. Bila bajeti, shughuli za serikali zingesimama Julai. Muswada ulihitaji kura 68. Katika chama chake chote bungeni ni yeye peke yake aliyepiga kura ya ndiyo, ikawa 68 kwa 65. Alilia mbele ya waandishi wa habari. Hazikupita siku tano, akauawa.

Tunasali na watu walioumizwa na kura ile, na siwezi kuwaambia kwamba haikuwa na uchungu. Hata hivyo ninamheshimu aliyeipiga. Makubaliano aliyafikia yeye akiwa kiongozi, na gharama yake hakumtwika mbunge mchanga wa chama chake.

Wewe ungepigaje? Ukisema hapana, utakuwa pamoja na watu wema wengi. Ukisema ndiyo, utarudi Jumapili kukaa benchi moja na uliowanyima. Sitaki unijibu kwa simu. Njoo nyumbani, tule, unieleze tukitazamana.

Uje na tarehe uliyohamia nyumba unayokaa sasa. Sheria inataka uwe umekaa kwenye wilaya hiyo miezi sita kabla ya siku ya uchaguzi, na nina wasiwasi ulihama ukachelewa. Ile ada ya dola 100 nitalipa mimi. Na kwenye fomu, panapoulizwa kama ungependa anwani ya nyumbani isitangazwe, omba isitangazwe. Kwa hilo sitaki ubishi.

Babako