Sauti ya Mzee Usiinyooshe

Mkomani, Lamu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Huku nyumbani sote wazima, alhamdulillahi. Mamako akusalimu sana na auliza kama ile achari ya maembe imekufikia. Ujumbe wako nimeusoma. Mzee wa hapo Malindi aliyekuwa akipiga gitaa la umeme mahotelini tangu miaka ya sabini anataka kurekodi albamu ya nyimbo mpya, na amekutaka wewe umrekodi. Ikubali kazi hiyo, ila usimrekodi kama unavyorekodi vijana. Sauti aliyonayo mwezi huu huenda mwakani usiikute.

Anza kwa kutafuta ufunguo wa kila wimbo, yaani kimo cha sauti kinachomfaa, kabla hujagusa waya wowote. Mtu akizeeka, kano za sauti hukonda na misuli yake hulegea, hivyo hazifungani sawasawa. Hewa huvuja katikati, na ndipo unapousikia ule mkwaruzo wenye upepo. Noti za juu ndizo zinazotangulia kwenda. Basi mwambie akae kitini na aimbe kipande kigumu cha kila wimbo bila gitaa, kwa sauti ya mazungumzo, kisha wewe utafute kwenye kinanda pale alipotua mwenyewe. Usishangae akiwa ameshuka nusu toni mbili, tatu, hata nne kutoka alipokuwa akiimba zamani. Mfuate hapo hapo. Usimshushe zaidi ya hapo kwa kudhani unamhurumia: chini mno pumzi humwishia kabla ya mstari kwisha, na gitaa hubaki kuvuma tu.

Kushusha huko kuna nafuu nyingine, ya vidole. Ukilegeza nyuzi zote toni nzima, vidole vyake vitashika maumbo yale yale aliyoyazoea, na nyuzi zitakuwa laini kwa viungo vyenye baridi yabisi. Watu huharibu hapa kwa kufunga nyuzi nyembamba za namba 10 kisha kuzilegeza toni nzima. Zinagonga vyuma vya shingo na kila noti inatoka na mlio wa nzi. Kwa toni nzima funga seti ya 12, kwa nusu toni ya 11. Akihitaji kushuka zaidi ya hapo, abadilishe maumbo na uweke kepo, kile kibanio cha shingo ya gitaa. Nyuzi zifungwe siku moja kabla ili zitulie, na kila gitaa linapotuliwa zipanguswe kwa kitambaa kikavu. Chumvi ya pwani yetu huzifanya bubu upesi.

Ile studio uliyoniambia, yenye sponji kuta zote na kiyoyozi, siitaki kwa mzee huyu. Mwaka 1993, mwimbaji wa Marekani Johnny Cash akiwa na miaka 61, mtayarishaji wa muziki Rick Rubin alimrekodi yeye na gitaa lake tu, zaidi sebuleni kwa Rubin na kwenye kibanda cha Cash mwenyewe kule Tennessee. Mwimbaji wa Kanada Leonard Cohen aliifanya albamu yake ya 2016, You Want It Darker, nyumbani kwake Los Angeles, mgongo ukimuuma, ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, na msimamizi wa kazi akiwa mwanawe Adam. Ilitoka Oktoba 21, naye akafariki Novemba 7, ana miaka 82. Isikilize usiku kwa hedifoni. Utasikia ulimi wake ukigusa meno.

Ukiweza mlete Lamu. Nyumba ya nyanyako haina mtu, na ndani kwake panafaa kuliko unavyokumbuka. Vyumba ni virefu na vyembamba, kama mita 3 kwa upana au pungufu, kwa kuwa boriti za mkoko ndizo zilizopima nyumba. Kuta za matumbawe ni nene, kelele za nje haziingii kwa urahisi. Kasoro yake ni kwamba kuta mbili zinazotazamana hurushiana sauti. Piga kofi moja katikati ya chumba: ukisikia mlio wa haraka haraka kama karata zikichanganywa, ndio huo. Boriti juu na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, huuvunjavunja kiasi. Uliobaki umalize kwa godoro la sufi ulilolisimamisha nyuma ya mgongo wa mzee, kwa sababu maikrofoni inayosikia upande mmoja humtazama yeye na kila kilicho nyuma yake. Tandika mkeka na blanketi chini. Na asikae katikati kabisa ya chumba, besi hapo hudanganya.

Panga saa kwa adhana, usishindane nayo. Alfajiri koo la mzee lina makohozi. Tumia saa nne mpaka karibu na adhuhuri, dakika 40 kisha apumzike 20, na zisizidi nyimbo mbili kwa siku. Maji ya uvuguvugu, barafu hapana. Punda akilia rudieni mstari tu, hakuna haja ya kuanza wimbo upya.

Maikrofoni iwe shibiri moja kutoka mdomoni, na kitambaa cha kuzuia pumzi katikati yake. Ukiisogeza mpaka vidole vinne sauti hujaa besi. Kidogo inampa uzito, ikizidi maneno hayasikiki. Kata mavumo yote mazito yaliyo chini ya hertz 80. Kama mzee ana meno ya bandia, "s" na "sh" zitapiga mluzi, basi igeuze maikrofoni kando kama digrii 15 badala ya kungoja kuutibu baadaye kati ya hertz 5,000 na 8,000. Rekodi kwa biti 24, hertz 48,000, vilele vya sauti vikifika desibeli 12 chini ya ukomo wa kurekodi. Sauti kongwe huweza kulipuka bila ilani, mwachie nafasi.

Aimbe na kupiga gitaa kavu, lisilo la umeme, kwa pamoja, bila mdundo wa mashine sikioni. Maikrofoni ya pili iweke shibiri moja kutoka chuma cha 12 cha gitaa, na umbali baina ya maikrofoni mbili uwe mara tatu ya umbali wa kila moja na chanzo chake. Ukipungua, sauti hukatana na kuwa nyembamba. Gitaa la umeme aliongeze siku nyingine, ampu, yaani kikuza sauti chake, ikiwa chumba cha pili. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, hiyo ni hertz 50 ya umeme wetu. Chomoa chaji ya kompyuta, urekodi kwa betri.

Sasa masikio, na hapa uwe na adabu na uthabiti. Aliyesimama mbele ya ampu miaka 40 mara nyingi amepoteza usikivu kuanzia hertz 4,000 hivi kwenda juu. Atakuomba uongeze ukali wa sauti, na ukimtii, wenye masikio mazima watazima redio. Hedifoni zake nazo atataka zipige juu mno mpaka zivujie kwenye maikrofoni. Mpe zilizozibwa nyuma. Kuhusu mpangilio wa wimbo, mwendo na maneno, yeye ndiye hakimu. Ukali wa sauti uamue wewe, kwa kulinganisha na rekodi mbili mnazozipenda nyote.

Kwenye kuchanganya, kompresa, ile inayobana sauti zinazopanda mno, iwe na uwiano wa 3 kwa 1, ibane desibeli 3 mpaka 6, basi. Ukibana zaidi, pumzi zake na chumba vitapanda juu kuliko maneno. Programu ya kunyoosha noti usiifungue kabisa. Inauona mtetemo wa uzee kama kosa na kuufuta, na mtetemo huo ndio utakaoaminisha watu anachoimba. Chukua teki tatu kwa wimbo, yaani aurudie mara tatu, uchague moja nzima, uibe mstari mmoja au miwili kutoka zilizobaki.

Akitaka bendi, asilazimike kuwatafuta wenzake wa ujanani. Mwimbaji wa Uingereza David Bowie kwa albamu iliyotoka Januari 8, 2016, siku aliyotimiza miaka 69 na siku mbili kabla ya kufa, alikwenda kwa wapiga jazi wa New York waliokuwa na mpuliza saksofoni Donny McCaslin. Hapo Malindi vijana wanaojua kupiga kwa upole wapo.

Andikianeni kabla ya siku ya kwanza nani mwenye rekodi. Kwa sheria ya Kenya haki ya rekodi hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, maana yake wewe utakuja kushughulika na warithi wake. Watoto wake wawepo mnapotia sahihi, na nakala za faili ziwe tatu, moja ikae kwao.

Maikrofoni yangu kubwa nitaipeleka na basi la Ijumaa. Ifungue pale pale uone kama vile vipakiti vya kunyonya unyevu bado vikavu. Vikiwa vimelowa itakwaruza, iache siku nzima chumbani kabla ya kuiwasha.

Ni mimi,
Babako