Ukiniweka kwenye spika, niambie uko na nani

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno juu ya namna tunavyotumia simu za mkononi mbele za watu, hasa hapa kwetu Lamu, ambapo mji ni mdogo, njia ni nyembamba, na karibu kila anayepita ni jamaa, jirani au mkwe wa mtu. Malalamiko yanayosikika zaidi ni ya kelele, kwamba watu huzungumza na simu kana kwamba wanamwita nahodha aliye katikati ya mlango wa bahari. Kelele inaudhi, sikatai. Lakini linalonisumbua mimi ni jingine, nalo ni kumfungulia mtu spika bila yeye kujua, maneno yake yakamwagika barazani huku akidhani anazungumza na sikio moja.

Nianze na yaliyonipata mwenyewe. Mwaka jana binti yangu aliletewa posa. Kama ilivyo desturi, nilitaka shauri la dada yangu aliyeolewa Malindi kabla sijawajibu watu wale, waliotujia kwa heshima zao. Nikampigia usiku baada ya kufunga duka, nikamweleza kila kitu: ukoo wa kijana, kazi yake, mahari waliyotaja, pamoja na wasiwasi wangu, ambao sitaurudia hapa kwa kuwa ndio uliozaa fedheha. Nilipofika kwenye mahari nikasikia sauti nisiyoijua, sauti ya mama mtu mzima, ikisema bila haya: "Mwambie asikubali, hiyo haitoshi hata kitanda." Kisha vikafuata vicheko, na vicheko vile havikuwa vya mtu mmoja wala wawili.

Kumbe dada yangu alikuwa kwa mchoraji hina akijiandaa kwa harusi ya jirani. Mikono yote miwili imejaa hina mbichi, simu imelazwa juu ya mto, na aliyeipokea na kubonyeza spika ni kitoto cha mchoraji. Simlaumu kwa hina, kwani mwanamke aliyepakwa hina hashiki hata gilasi ya maji. Ila angeniambia maneno mawili tu, "Nina watu", nami ningemuuliza hali ya watoto nikakata simu. Hazikupita siku tatu kabla wasiwasi wangu haujapanda kutoka Malindi hadi Lamu na kubisha kwa mama wa kijana. Nilikwenda kuomba radhi nikiwa na ndugu yangu mmoja. Tulikaribishwa, kahawa ikaletwa, halua ikawekwa katikati, na hakuna aliyeigusa.

Tangu siku ile nimekuwa nikizisikia simu za watu kwa sikio tofauti. Chukua boti za abiria zinazovuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kuja kisiwani kwetu. Tunakaa tumeelekeana, magoti yakikaribia kugusana, mashine inanguruma nyuma, na hapana pa kwenda mpaka gati ionekane. Humo ndimo watu wanamoona nafasi ya kusikiliza jumbe za sauti zilizowangoja tangu asubuhi. Mwezi uliopita kijana mmoja aliyekaa mbele yangu alifungua ujumbe wa WhatsApp kwa sauti ya juu kabisa ili aishinde mashine, na ikatoka sauti ya mwanamke akilia, akieleza deni, kiasi cha deni, na jina la anayemdai. Abiria wote tukageuka tukaangalia maji. Mzee mmoja akaanza kukazakaza kamba za jaketi lake la kuokolea, ambazo zilikuwa zimekazwa tangu tung'oe nanga. Sisi tulioangalia maji tulijaribu kuikinga heshima ya mwanamke ambaye hakuwemo chomboni, kwa sababu mwenye simu hakuikinga. Na tulipoteremka, mmoja wetu hakuweza kujizuia: "Ile sauti si ya mke wa fulani?"

Yule kijana sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Nadhani hakujua tu kwamba ujumbe wa namna ile ukiuweka sikioni kama simu ya kawaida, sauti huhamia kwenye tundu dogo la juu na wewe peke yako ndiye unayesikia. Nimewaonyesha wengi jambo hili dukani kwangu, na wengi wameshangaa.

Katika mji huu jambo hili linapaswa kutuuma kuliko kwingine. UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na wageni huja kupiga picha milango yetu ya nakshi. Lakini nakshi ni pambo, na kazi ya mlango ni nyingine. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zilijengwa na watu waliofikiri sana juu ya nani aone nini na asikie nini. Mgeni wa mazungumzo mafupi huishia barazani, kwenye daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni. Akikaribishwa zaidi, njia ya kuingilia hupinda kabla ya kufika kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani, ili apitaye nje asitupe jicho hadi ndani hata mlango ukiwa wazi. Kabla ya yote hayo kuna hodi. Ukibisha mara tatu usijibiwe, unarudi ulikotoka bila kinyongo, na hivyo ndivyo tulivyofunzwa na dini na desturi pia. Leo mtu akipiga simu mara tatu isipokelewe, hupiga ya nne na ya tano, kisha humpigia mkeo.

Simu ya spika imelibomoa daka lile lote. Anayenieleza ya nyumbani kwake ameniingiza ndani, na mimi kwa kubonyeza kidole kimoja nimewaingiza pamoja nami muuza kahawa, mwenye punda na abiria watatu wanaongoja boti. Hali ni hiyo hiyo kwa simu za video, pengine mbaya zaidi. Kijana anatembea vichochoroni simu ameinyoosha mbele kama karabai, anamwonyesha nduguye aliye Arabuni jinsi mji ulivyo, na katika kuonyesha huko anapita penye mlango uliofunguliwa ambapo mama anachambua mchele bila mtandio. Mama yule hakuambiwa hodi na yeyote.

Wenzangu wa makamo watakumbuka kwamba zamani, tulipokuwa tukipiga simu za vibandani, kibanda chenyewe kilikuwa na kuta. Ulingoja foleni jua linakuchoma, lakini zamu yako ikifika ulikuwa na pahali pako. Simu imekuwa ndogo, ikatufuata mpaka mfukoni, na kile kibanda hakikuja nayo.

Nisije nikaonekana nawasuta wenzangu huku mimi nimejivika kanzu nyeupe, nikiri la kwangu. Mimi ni wakala wa M-Pesa, kazi niliyoianza miaka michache baada ya huduma hiyo kuzinduliwa nchini mwaka 2007. Kwa muda mrefu nilikuwa na mazoea ya kutaja kiasi kwa sauti, nikidhani huo ndio uaminifu: "Umetoa elfu thelathini, sivyo, bwana?" Siku moja nilimtajia hivyo mvuvi mmoja, naye akaupokea mkono wangu kimya, akageuka, na nyuma yake alikuwa amesimama mtu ambaye mvuvi mwenyewe alimwambia juma lile lile kwamba hana hata shilingi. Fedha ile, kama nilivyokuja kujua, ilikuwa ya matibabu ya mtoto na haikuwa yake. Walitoka nje wakizozana mpaka kwenye kona. Daftari la wateja nalo, lenye majina, nambari za simu na za vitambulisho, nilikuwa nikiliacha wazi juu ya kaunta, na anayengoja zamu akilisoma kama gazeti. Sasa kiasi nakiandika kwenye kipande cha karatasi, mteja anakitazama na kuitikia kwa kichwa, na daftari linafungwa. Bado wapo wazee wanaonipa simu mkononi na kunitajia nambari ya siri huku duka limejaa watu. Kwao siwezi kufanya ukali. Huwaomba waingie nyuma ya kaunta, tukaibonyeza pamoja kidole chao kikiwa mbele.

Msikitini ni habari ndefu, nitagusa moja tu. Imamu hutukumbusha kunyoosha safu na kuzima simu, na bado haipiti Ijumaa bila mlio. Ugumu ni kwamba wakati wa hotuba, kama tulivyofundishwa katika Hadithi, hata anayemwambia mwenzake "nyamaza" amefanya upuuzi. Kwa hiyo simu inalia, mwenyewe ameiacha kwenye mfuko wa ndani wa kanzu na anajifanya si yake, na umati mzima umefungwa mdomo. Ukiwekea simu mlio wa aya za Qur'ani hukuiheshimisha Qur'ani, kwa sababu utaikata aya katikati, na huenda ikakulilia pahali pasipostahili kutajwa.

Kuna na hili la salamu, ambalo wazee wa barazani hulalamikia kuliko yote. Mtu anapita mbele ya baraza na hedifoni zake masikioni, anatolewa salamu na watu sita, na hajibu. Mara nyingine huja kinyume chake. Anapita akisema "Assalaam alaikum" kwa sauti, wazee wote wanaitikia, mmoja anainuka ampe mkono, kumbe alikuwa akimsalimia aliye kwenye simu. Hili linachekesha, wala sitaki tulifanye kuwa balaa. Kutoa hedifoni moja ukikaribia baraza kunatosha, na vijana wengi nimewaona wakifanya hivyo bila kuambiwa.

Najua watakaonipinga. Mmoja wao, rafiki yangu, aliniambia kwamba mwenye siri asiiseme kwenye simu kabisa, kwa kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Jibu langu ni kwamba hapo kata ndiye mimi niliyepigiwa. Nikiitoa siri nje, lawama ni yangu, na mtungi haukukosa kitu. Wengine husema spika ni msaada, na hapo nakubaliana nao kabisa. Mama yangu hasikii vizuri sikio la kulia, na bila spika hazungumzi na wajukuu wake. Mwenye punda ameshika kamba kwa mkono mmoja na mzigo wa saruji kwa mwingine. Nahodha ana usukani. Sisemi spika ipigwe marufuku, nasema aliye upande wa pili aambiwe. Wapo pia watakaosema kuna sheria, na ni kweli. Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha na kuyataja mawasiliano yake kwa jina, na mwaka 2019 ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo sisi wenye madaftari ya wateja tungefaa kuisoma. Lakini sioni ni nani atakayempeleka mahakamani dada yake kwa sababu ya hina.

Ninalopendekeza ni dogo, na halina gharama. Manahodha wa boti za Mokowe, ambao tayari hutuhimiza kuvaa majaketi kabla ya kuondoka, waongeze sentensi moja ya kuwaomba abiria wasikilize jumbe zao kwa sikio na waache simu ndefu mpaka nchi kavu, maana uvukaji wenyewe haufiki nusu saa. Mawakala wenzangu tuache kutaja fedha za watu kwa sauti. Walimu wa madrasa, ambao hadi leo huwafunza watoto namna ya kupiga hodi, waifunze na ya simu, kwamba ukipiga uulize kwanza kama mwenzako ana nafasi, na ukimweka kwenye spika umtajie waliopo. Mtoto wa miaka saba anaweza kulijua hilo kabla hajamiliki simu, na kule kwa mchoraji hina aliyebonyeza alikuwa na umri kama huo.

Kuhusu posa ile, utaniwia radhi Mhariri kwa kutoeleza ilivyoishia, kwa sababu wahusika wote wanalisoma gazeti lako. Dada yangu siku hizi akipokea simu yangu, kabla hata ya salamu husema kwanza "Niko peke yangu, kaka" au "Nina watu". Akisema ana watu tunazungumza bei ya samaki, na juzi tulizungumza bei ya samaki kwa dakika kumi na mbili.

Ni mimi msomaji wako,
Wakala wa M-Pesa,
Langoni, Lamu.