Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mbegu: hiyo lebo ya ngano "haichipui sukeni" haijakamilika

Mheshimiwa Mkurugenzi, salaam.

Niende moja kwa moja. Magunia ya mbegu ya ngano yana lebo inasema aina hii haichipui sukeni, basi. Mimi niliiamini, ngano ikakauka vizuri inasubiri kombaini, mvua ikapiga siku kadhaa na kabaridi juu, kwenda shambani nakuta masuke yameota kijani kama kitalu.

Sisemi aina ni mbovu. Jeni za kulaza mbegu (kuifanya isiote upesi hata ikilowa) zipo kweli, kuna PHS1 kwenye kromosomu 3A, kuna MKK3 kwenye 4A, halafu zile MYB10 za rangi ndo zinafanya ngano nyekundu kwa kawaida ilale kuliko nyeupe (japo nyekundu nayo inaota sukeni, tusidanganyane). Ila jeni zinaishia kutoa uwezo. Punje ikijaa kipindi cha ubaridi inapata usingizi mzito, aina hiyohiyo ikijaa kwenye joto kali usingizi unakuwa wa mang'amung'amu, kwasababu ndani ya punje kuna homoni mbili, asidi ya abisiki ndo inailaza na jiberelini inaiamsha, na kiinitete (kile kimche kichanga ndani ya punje) kilicholelewa kwenye joto huwa hakiisikii sana ile asidi hata kama ipo.

Sasa hapa ndo wengi tunachanganyikiwa: baridi inalaza punje wakati inajaa, lakini punje ikishakomaa halafu ikalowa, baridi hiyohiyo inaiamsha! Mbegu inayogoma kuota kwenye nyuzi 20 unaweza ukaiweka kwenye 10 ikaota yote. Kwahiyo joto wakati wa kujaa halafu mvua ya baridi wakati wa kuvuna ni balaa juu ya balaa, na hakuna lebo inayosema hivyo.

Na hasara sio ile inayoonekana tu, punje inaweza isionyeshe hata kamzizi na amilesi (kimeng'enya kinachovunja wanga) ndani imeshaanza kula wanga, kinu wakipima sekunde za kijiti kuzama kwenye uji wa unga wanakuta chini ya 250 (uji umekuwa mwepesi kwasababu wanga umeliwa) na mzigo unaenda kulisha mifugo.

Upande wa pili pia mtuangalie. Mbegu iliyovunwa juzi inapimwa haioti, inaambiwa imekufa, kumbe imelala, ingewekwa siku chache kwenye nyuzi 5 mpaka 10 kwanza au ingeachwa stoo kavu wiki kadhaa ingeamka yenyewe.

Ombi langu ni hili: kila aina ipimwe misimu tofauti na sehemu tofauti, masuke yachukuliwe yakiwa yamekomaa sawasawa, yaloweshwe kwenye nyuzi 10, 15 na 20, na majibu yote yaandikwe pamoja na joto la wiki za mwisho kabla ya kukomaa, sio wastani mmoja. Lebo ikiwa ndogo wekeni karatasi ndani ya gunia, tutaisoma.

Wako,
Mkulima wa ngano