Jeki si ya kulaliwa chini yake

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimepata habari kwamba umeshanunua oili na filta, na Jumamosi unataka kubadilisha oili ya gari lako mwenyewe badala ya kulipeleka gereji. Sikukatazi. Kazi yenyewe haina miujiza: unafungua nati, unabadilisha filta, unajaza. Anayejua kushika spana anaiweza. Mimi wasiwasi wangu uko kwenye namna utakavyoingia uvunguni. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, ila wao hawakuwa na chuma cha kilo 1,300 juu ya vichwa vyao.

Jeki, mwanangu, imetengenezwa kuinua mzigo, haikutengenezwa kukaa nao. Jeki ya haidroliki inasimama kwa sababu ya mafuta kidogo yaliyobanwa ndani ya silinda, na kinachoyazuia yasirudi ni sili, yaani mpira wa kuziba, na vali ndogo. Sili ikichakaa, au punje ya uchafu ikikwama kwenye vali, jeki inashuka. Pengine itashuka polepole ukaiona. Pengine itashuka yote kwa mkupuo, na hapo hakuna aliye mwepesi wa kujitoa. Ile ya mkasi iliyokuja na gari haina mafuta ya kuvuja, lakini kitako chake ni kidogo. Gari likisogea kidogo tu, inalala ubavu. Hiyo ni ya kubadilishia tairi njiani, ukiwa umechuchumaa kando.

Kwa hiyo gari likishainuka, lisimame juu ya stendi mbili zilizofanana, vile visimamio vya chuma vya kushikilia gari. Soma uzito ulioandikwa kwenye stendi zenyewe, na usome vizuri, maana mara nyingi tarakimu hiyo ni ya jozi nzima, si ya kila moja. Kitabu cha gari kinaonyesha mahali pa kuinulia na pa kuwekea stendi. Kwenye magari mengi madogo ni ule ukingo wa chini ya milango, sehemu iliyoongezewa nguvu na kuwekewa alama ya mikato miwili. Usiweke jeki chini ya sampu. Sampu ni bakuli la oili tu, itabonyea au kupasuka.

Na tofali, hapana kabisa. Najua utaona watu wakifanya hivyo na gari limesimama kweli. Tofali la saruji hubeba mzigo mkubwa likiwa ukutani, ambako uzito umetandazwa juu yake sawasawa. Chini ya gari, uzito wote unakaa kwenye kipande kidogo cha chuma. Tofali haliinami kwanza likakuonya. Linapasuka.

Tafuta sakafu ngumu iliyo tambarare. Udongo na kokoto hudidimia, na hata lami hulainika jua likiwa kali, miguu ya stendi ikazama. Pia jeki ya magurudumu hutaka kusogea kidogo inapoinua, kwa sababu mkono wake hupanda kwa kupinda. Magurudumu yake yakikwama kwenye mchanga, kichwa chake ndicho kitakachoteleza chini ya gari.

Sasa hili la breki ya mkono wengi hawalifikirii. Kwenye magari mengi breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, umeshika magurudumu yanayoning'inia hewani. Na gea, au P kwenye gari la otomatiki, hushika yale yanayovuta gari tu. Kama gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele, nawe umeinua moja la mbele, difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, inaruhusu lile lililobaki chini lizunguke huku lililo hewani likizunguka kinyume. Unadhani umelifunga gari, kumbe liko huru. Ndiyo maana nakuambia uweke kabari. Ukiinua mbele, vuta breki, weka gea, kisha weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kabari za kweli, si kijiwe ulichookota.

Likishasimama juu ya stendi, usiingie bado. Shusha jeki taratibu mpaka uzito wote ukae kwenye stendi, kisha ipandishe tena iguse tu, iwe akiba. Halafu simama kando, shika gari na ulisukume huku na huku, kwa nguvu kuliko zile utakazotumia kuvuta spana. Tazama miguu ya stendi. Ukiona mmoja unanyanyuka hata kwa unene wa ukucha, teremsha gari uanze upya. Nati ya sampu iliyokazwa na mtu mwenye hasira hutaka kuvutwa kwa nguvu, nawe utakuwa umelala chali unavuta kwa ubavu. Kama gari litakuja kuteleza, na liteleze ukiwa nje. Chukua pia lile tairi la akiba ulilaze chini ya ukingo wa gari, karibu na utakapokuwa.

Ukiniuliza mimi, kwa kazi ya oili peke yake ningenunua rampu, vile vipandio vya mteremko ambavyo gari hupanda kwa magurudumu yake, nikaachana na jeki, kwa sababu magurudumu hayatolewi na gari linasimama kwa miguu yake mwenyewe. Tatizo lake ni kupitiliza wakati wa kupanda. Mtu akuongoze, asimame ubavuni, asisimame mbele. Kabari ziwepo vilevile. Na kabla ya yote hayo chungulia kwanza: magari mengine yako juu kiasi kwamba nati unaifikia bila kuinua chochote.

Usifanye peke yako. Kifua kikibanwa mtu hapumui, na asiyepumua hapigi kelele. Awepo mtu karibu anayekuona, na ajue jeki iko wapi na inapampiwa vipi.

Injini iwashe dakika chache tu ili oili ilainike, kisha izime, ufunguo utie mfukoni. Usiiwashe ndani ya banda lililofungwa, moshi wake una gesi isiyo na harufu, inayoua bila kukuonya. Kumbuka kwenye magari mengine feni ya rejeta hujiwasha hata injini ikiwa imezimwa, na bomba la ekzosi hubaki la moto muda mrefu. Vaa miwani ya kazi, maana mchanga wa uvunguni huanguka machoni kabla ya oili. Nati ikishalegea, malizia kwa vidole huku umeisukuma juu, kisha iondoe haraka pembeni. Oili huenda isishuke wima, ikaruka kando kwanza, basi beseni na uso wako vikae mahali tofauti.

Filta ya zamani ikitoka, hakikisha mpira wake umetoka nayo. Ukibaki juu, filta mpya itakaa juu ya mipira miwili, na ukiwasha injini oili itamwagika yote. Nati iwekee washa (kipete chake) mpya na uikaze kwa kipimo cha kitabu. Sampu za alumini huharibika nyuzi kwa mkono mzito.

Kabla ya kushusha gari, toa beseni na spana zote, zunguka uangalie hakuna mtoto wala paka chini. Ukiwasha kuangalia uvujaji, chungulia kwa tochi ukiwa nje.

Oili chafu itie kwenye dumu uipeleke gereji inayokusanya, usiimwage ardhini wala mtaroni. Vaa glavu, na usiwe na ile tabia ya mafundi ya kutia tambara lenye oili mfukoni mwa suruali. Ngozi ikikaa nayo miaka inaugua, na saratani imo.

Kama stendi bado hujanunua, ahirisha Jumamosi hii. Injini haitakufa kwa oili ya wiki moja zaidi.

Mama yako