Zuhura, mteja wako huyo hajui kitu

Shosti Zuhura,

Mambo vipi huko, mama hajambo? Ile meseji yako nimeisoma nikacheka halafu nikapandwa na hasira, eti mteja anakwambia picha za vitabu vya watoto sio sanaa, ni mapambo tu, ndo maana hawezi kulipa hela hiyo. Haya. Ngoja nikupe stori ya mama mmoja wa Kiingereza, Gwen Raverat, alikuwa anachonga picha kwenye mbao za kuchapia vitabu, namsoma sana siku hizi na kila nikimsoma nakukumbuka wewe.

Huyu kazaliwa Cambridge 1885, na babu yake ni Charles Darwin, ndio yuleyule aliyetutesa kwenye bailojia, ila babu alishafariki 1882 kwa hiyo hawakuonana. Ukoo wa wasomi watupu, yeye anataka kuchora. Alimhusudu sana Thomas Bewick, mchongaji wa zamani aliyejaza vitabu vipicha vya ndege na vijito, na kaandika mwenyewe kwamba alipokuwa mdogo alitamani angekuwa mke wa Bewick, ampikie nyama vizuri, amshonee nguo, amlelee watoto, ili pengine siku mojamoja amruhusu naye achonge kapicha kamoja ka kumalizia ukurasa. Yaani shosti! Mtoto ana kipaji chote hicho na anachokiota ni kuomba ruhusa akiwa jikoni.

Wala hakuomba. 1908 akaingia Slade, chuo cha sanaa cha London, ila uchongaji wa mbao pale hawakuwa wanafundisha, mwanzo alielekezwa na Elinor Monsell aliyeolewa na binamu yake, mengine kajifunza mwenyewe. Na 1920 ilipoanzishwa Society of Wood Engravers, chama cha wachongaji wa mbao, yeye ni mmoja wa waanzilishi, hakuna cha mke wa fulani hapo.

Kazi yenyewe sasa. Unachukua mbao ngumu sana, boxwood, iliyokatwa kwa kukingama shina, ule upande wenye miduara, ili nyuzi zisikukwamishe. Mti wenyewe unakua polepole na ni mwembamba kwa hiyo vipande ni vidogo, ukitaka kikubwa unaunganisha. Unakiweka juu ya kifuko cha ngozi kilichojaa mchanga, mkono mmoja una kipatasi chembamba, mwingine ndo unazungusha kipande, maana kwenye kona unageuza mbao sio chuma. Ukichapa kwenye karatasi, ulichokata kinatoka cheupe, ambacho hujagusa kinashika wino, na vyote kinyumenyume kama kwa mafundi mihuri. Kwa hiyo unaanza na giza unatia mwanga, na ukiteleza umeteleza, kifutio hamna. Gwen mwanga ndo alikuwa anauweza haswa. Angalia miti yake, ukisogeza jicho karibu unaona mikwaruzo mitupu, vikato vyeupe vimeelekea huku na kule, ukirudi nyuma jua linapita kwenye matawi.

Maisha hayakumhurumia lakini. Aliolewa 1911 na Jacques Raverat, Mfaransa, mchoraji pia, ugonjwa wa neva, multiple sclerosis, ukamla taratibu, wakahamia Vence kusini mwa Ufaransa, ikafika mahali mume hata kalamu hashiki, barua zake kwa mwandishi Virginia Woolf mume anatamka, Gwen anaandika. Akafa 1925. Gwen ana miaka 39 na mabinti wawili. Sikudanganyi, kwao walikuwa nazo, njaa hakulala, ila angeweza kabisa kukaa tu akawa mjane wa watu. Akarudi Uingereza akapiga kazi: anahakiki sanaa kwenye jarida la Time and Tide, anabuni jukwaa na mavazi ya Job, ile dansi ya 1931 yenye muziki wa Vaughan Williams, na vitabu, hasa vya watoto, mashairi 1932, hadithi za Andersen 1935, vita vikaja akachorea vitabu vya ujasusi wa jeshi la majini.

Sasa hiki ndo umwambie mteja wako. Kile kipande cha mbao kinatengenezwa kimo sawasawa na herufi za kuchapia, zile za madini ya risasi, kinapangwa na maneno kwenye fremu moja, kinapakwa wino uleule, karatasi inashuka mara moja. Picha na sentensi zinazaliwa pamoja. Hilo pambo liko wapi? Mimi naona hata ukurasa wako wa kobe uko hivyohivyo, ukitoa kobe hadithi haiendi, we mwenyewe jaribu kuziba na kidole usome.

Kiharusi kilimpata 1951 na kuchonga kukaishia hapo, ila 1952 akatoa Period Piece, kitabu cha utoto wake, na michoro yake mwenyewe humo, na watu mpaka leo wanakisoma. Amefariki 1957. Nyumba aliyokulia pale Cambridge, kando ya mto, siku hizi ni sehemu ya Darwin College, moja ya vyuo vya Chuo Kikuu cha Cambridge.

Basi bei usishushe hata kidogo, na akigoma niambie, kuna dada huku anatafuta mtu wa kumchorea hadithi za babu yake, nitakuunganisha. Ila mwambie kabisa wewe unalipwa nusu kabla ya kuanza, najua unavyoonaga aibu.

Wako,
Mwana