Marudio ya likizo na mazungumzo ya burudani

Ndugu wanakikundi,

Nimepitia ujumbe wa juma zima na kuona kwamba katikati ya maswali ya kemia yamechomekwa mabishano marefu kuhusu sehemu ya mwisho ya tamthilia ambayo, nakiri, hata mimi naifuatilia. Sikusudii kuyapiga marufuku. Ila kuanzia Jumatatu yatasubiri hadi saa mbili usiku, ili anayetafuta jibu la swali lake asilazimike kupekua rundo la picha za wasanii.

Kuhusu marudio yenyewe, naomba tuache mazoea ya kusoma daftari zima kwa mkupuo mmoja. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba mengi tunayojifunza husahaulika mapema, na kwamba kuyarudia kwa vipindi vilivyoachana huyahifadhi zaidi. Kwa hiyo mada ya Jumatatu tutaulizana tena Alhamisi, kisha Jumatatu inayofuata, madaftari yakiwa yamefungwa. Mwenzetu anayetaja bila kukosea wanachama wote wa kundi analolipenda la K-pop (muziki wa pop wa Korea Kusini), pamoja na tarehe zao za kuzaliwa, hakuyakariri hayo usiku mmoja. Aliyakuta mara kwa mara, akaulizwa, akajibu.

Nyimbo zenye maneno zizimwe wakati wa kusoma. Muziki wa ala tupu sina ugomvi nao.

Atakayefichua kisa cha tamthilia kabla ya saa mbili atatutungia maswali kumi ya fizikia, pamoja na majibu yake.

Mratibu wenu